Muuguzi Mmoja kwa Wagonjwa Watano

Tarehe 1 Januari 2004, katika jimbo la California nchini Marekani, ilianza kutumika kanuni iliyomkataza mwenye hospitali, awe ni serikali, shirika la dini au kampuni ya wafanyabiashara, kumkabidhi muuguzi mmoja wagonjwa zaidi ya idadi iliyotajwa kwa kila wodi, iwe mchana au usiku wa manane. Wengi wameiandika habari hiyo kama habari ya tiba, na ni haki yao. Lakini ndani yake mna habari nyingine, nayo ni ya ajira: nani alipata kazi kwa sababu ya kanuni ile, nani aliikosa, nani alibeba gharama, na kwa nini watu waliosemwa kuwa hawapatikani walionekana pale masharti ya kazi yalipobadilika. Hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza, na haielezeki bila ya kurudi nyuma.

Hospitali za Marekani, tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa hata miaka ya 1920, aghalabu ziliendeshwa kwa mikono ya wanafunzi. Hospitali nyingi zilifungua skuli zao za uuguzi, zikawapokea wasichana, zikawapa chakula, malazi na mavazi ya kazi, na kwa badili ya hayo wasichana wale wakafanya kazi ya wodi kutwa na kucha bila ya ijara ya maana. Na walipohitimu, hospitali ile ile iliyowafunza haikuwa na haja nao tena, madhali wanafunzi wapya walikuwa wamekwisha kushika mahali pao, basi wakatoka kwenda kuuguza wagonjwa majumbani kwa malipo ya siku. Ulipoingia mdororo mkuu wa uchumi katika miaka ya 1930, jamaa zilizokuwa zikimweka muuguzi nyumbani hazikuweza tena kumlipa, na wahitimu wakarejea kubisha katika milango ya hospitali, wakiridhia mshahara mdogo, na wengine wakiridhia kula na kulala tu. Hivyo ndivyo ajira ya muuguzi wa hospitali ilivyoanza kuenea katika nchi ile: ilianza katika unyonge wa mwajiriwa, na athari za unyonge huo hazikuondoka upesi.

Baada ya vita vya pili vya dunia, sheria ya mwaka 1946 iliyojulikana kwa majina ya maseneta wawili, Hill na Burton, ilimimina fedha za serikali kuu katika ujenzi wa hospitali, vitanda vikaongezeka mijini na mashambani, na papo hapo kikaanza kilio ambacho hakijanyamaza hata leo, kilio cha uhaba wa wauguzi. Mwenye kujua kidogo habari za soko angetazamia kwamba bidhaa ikiadimika bei yake itapanda, na kwamba mshahara wa muuguzi ungepanda mpaka uhaba uishe. Lakini haikuwa hivyo, na wanauchumi wakaanza kujiuliza sababu. Jawabu moja lilikuwa limekwisha kuandaliwa na bibi Joan Robinson wa Cambridge, ambaye mwaka 1933 alieleza hali ya soko lenye wauzaji wengi na mnunuzi mmoja mwenye nguvu. Katika mji wenye hospitali moja au mbili, muuguzi hana pengine pa kuuza kazi yake. Na mwenye hospitali naye anajua kwamba akitaka kumvuta muuguzi mmoja zaidi kwa mshahara mkubwa, hapana budi atawaongezea na wale wote alio nao, hivyo huona nafuu kuiacha nafasi wazi, kisha akalalamika kwamba watu hawapo. Donald Yett, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya uhaba huo, alionyesha jambo zito zaidi, kwamba katika miji mingi vyama vya hospitali vilikuwa vikipatana viwango vya mishahara ili hospitali moja isimzidi mwenzake. Si ajabu, basi, kwamba ni huko California ambako chama cha wauguzi kilianza mapema, mwaka 1946, kufunga mikataba ya pamoja na waajiri, chini ya uongozi wa Shirley Titus, ilhali katika majimbo mengine fikra ya muuguzi kudai haki yake kwa pamoja na wenziwe ilihesabiwa kuwa ni utovu wa adabu.

Kikomo cha idadi hakikutoka mbinguni mwaka 2004. Katikati ya miaka ya 1970 jimbo hilo lilikwisha kuweka kanuni kwamba katika wodi za wagonjwa mahututi muuguzi mmoja asiwe na wagonjwa zaidi ya wawili. Wodi nyingine ziliachwa kwa hiari ya mwenye hospitali, na hiari hiyo ilikuwa na mipaka yake maadamu hospitali zililipwa kwa kadiri ya gharama walizotumia. Mwaka 1983 mpango wa serikali kuu wa kuwatibu wazee uligeuza taratibu, ukawa unalipa fungu lililopangwa kwa kila aina ya maradhi, mgonjwa alale siku tatu au kumi. Kisha katika miaka ya 1990 makampuni ya bima, ambayo California yalistawi kuliko pengine popote, yakazidi kubana malipo. Matokeo yake yalikuwa mawili, nayo yalimwangukia mtu mmoja. Kwanza, wagonjwa walirudishwa makwao mapema, kwa hiyo waliobaki vitandani walikuwa ni wale walio taabani zaidi. Pili, washauri wa biashara waliitwa kuzipanga upya wodi, nao wakashauri kazi nyingi za muuguzi wapewe wahudumu waliofunzwa kwa muda mfupi. Muuguzi akajikuta ana wagonjwa wengi zaidi, walio wagonjwa zaidi, na juu ya hayo anawajibika kwa makosa ya mhudumu ambaye hakumfunza yeye. Wengi waliondoka, wengine wakapunguza siku zao za kazi. Hesabu ya serikali kuu ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba California ilikuwa na wauguzi waliosajiliwa 544 kwa kila watu 100,000, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 782.

Hapo ndipo Chama cha Wauguzi wa California, ambacho mwaka 1995 kilijitenga na chama cha taifa kwa kukiona kuwa baridi mno, kilipoamua kwamba njia ni sheria. Mwaka 1996 jambo hilo lilipelekwa kwa wapiga kura pamoja na mambo mengine ya bima, likashindwa; mwaka 1998 mswada ulipita katika mabaraza, Gavana Pete Wilson akaukataa; na mwaka 1999 mswada ulioletwa na Sheila Kuehl ulipita tena, na safari hii Gavana Gray Davis akautia saini. Sheria yenyewe haikutaja tarakimu. Iliiamuru idara ya afya izitafute, na mashindano yote yakahamia huko: chama cha hospitali kilipendekeza muuguzi mmoja kwa wagonjwa 10 katika wodi za kawaida za tiba na upasuaji, chama cha wauguzi kikataka mmoja kwa 3, chama kingine cha wafanyakazi kikasema 4. Idara, baada ya kutazama hali ilivyokuwa mahospitalini na kupima mizani yake, ikaamua 6 kwa kuanzia na 5 baada ya mwaka mmoja. Na wodi nyingine zikapewa tarakimu zake, 4 kwa wodi za watoto na idara za dharura, 2 kwa wazazi walio leba, na mmoja kwa mmoja katika chumba cha upasuaji. Ilikubaliwa pia kwamba nusu ya idadi hiyo inaweza kujazwa na wauguzi wa ngazi ya chini wenye leseni, jambo ambalo wauguzi waliosajiliwa walilichukia sana.

Kuna maneno mawili matatu katika kanuni zile ambayo, kwa maoni yangu, yalizaa ajira nyingi kuliko tarakimu zenyewe: kwamba idadi itimizwe wakati wote. Chama cha hospitali kilikwenda mahakamani mwisho wa mwaka 2003 kikidai kwamba hayo hayawezi kumaanisha hata dakika muuguzi anapokwenda kula au haja, na mwaka 2004 Jaji Gail Ohanesian wa Sacramento akahukumu kwamba wakati wote ni wakati wote. Msomaji aliyewahi kumlaza jamaa yake hospitalini atafahamu uzito wa hukumu hiyo. Kabla ya hapo, muuguzi akitaka kula humwambia mwenziwe amtazamie wagonjwa wake, na kwa nusu saa mwenziwe huyo ana wagonjwa mara mbili, au, kama ilivyokuwa kawaida, muuguzi hali kitu mpaka zamu iishe. Baada ya hukumu, hospitali zililazimika kuajiri watu ambao kazi yao ni kwenda wodi kwa wodi wakiwapokea wenzao kwa saa za mapumziko, na hivyo kukazuka cheo ambacho hapo awali hakikuwa na jina katika orodha za mishahara. Haja ya chakula ilikuwapo tangu zamani; kilichokosekana ni mtu wa kulazimishwa kuilipia.

Gavana aliyefuata, Arnold Schwarzenegger, alijaribu Novemba 2004 kuiahirisha ile hatua ya pili ya 6 kuwa 5 mpaka mwaka 2008, kwa amri ya dharura, akitoa hoja kwamba wauguzi hawapatikani na hospitali zitafungwa. Mwezi uliofuata, wauguzi walipoandamana katika mkutano wa wanawake huko Long Beach, aliwataja mbele ya hadhara kuwa ni kundi linalopigania maslahi yake binafsi. Maneno hayo yalimgharimu. Mwaka mzima wa 2005 kila alikokwenda kuchangisha fedha aliwakuta wauguzi nje ya mlango; mwezi wa Machi Jaji Judy Holzer Hersher alibatilisha amri yake; na Novemba 2005 mapendekezo yake manne aliyoyapeleka kwa wapiga kura yalikataliwa yote, naye akaiacha rufaa yake dhidi ya kanuni za wauguzi.

Sasa tuje kwenye ajira yenyewe. La kwanza lililo dhahiri ni kwamba hospitali zilizokuwa na wauguzi wachache ziliajiri. Uchunguzi wote ninaoufahamu unakubaliana juu ya hilo. Waliofanya kazi nusu siku waliongezewa siku, waliokuwa wamekaa nyumbani walirudi, na wengine wakavuka mipaka kutoka majimbo mengine kwa mikataba ya wiki chache chini ya mawakala waliolipwa vizuri sana. Wauguzi kutoka Ufilipino, ambao California iliwategemea tangu zamani, waliendelea kuja. La pili ni mshahara: Barbara Mark, David Harless na Joanne Spetz walionyesha kwamba kati ya mwaka 2000 na 2006 mishahara ya wauguzi katika miji ya California ilipanda kuliko ya majimbo mengine kwa kadiri iliyofika asilimia 12. Hili lilipaswa kutazamiwa, kwa sababu muuguzi aliyesajiliwa hafinyangwi kwa wiki mbili, na mwajiri anayelazimishwa na sheria hawezi tena kuiacha nafasi wazi akasubiri.

Lakini nyumba za kulelea wazee za jimbo hilo hilo zinatupa mfano wa upande wa pili. Kuanzia mwaka 2000 zilitakiwa kutoa angalau saa 3.2 za uuguzi kwa kila mzee kwa siku, na nyingi zilizokuwa chini ya hapo zililazimika kuongeza watu, hasa wahudumu wasaidizi. Jordan Matsudaira alizilinganisha na nyumba ambazo zilikwisha kutimiza kiwango tangu mwanzo, akakuta kwamba zile zilizoajiri watu wengi zaidi hazikulazimika kuwazidishia mshahara kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba wahudumu walikuwapo tele, wakingoja tu kuitwa, na kwamba mnunuzi mwenye nguvu aliyeelezwa na bibi Robinson hakuonekana katika soko lile. Mimi naona mifano hii miwili isomwe pamoja, kwa sababu watu wanapotaja uhaba wa wafanyakazi huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: ukosefu wa watu, ukosefu wa mafunzo, na ukosefu wa fedha za kuwalipa.

Walikuwapo waliopoteza. Wauguzi wengi waliohojiwa baadaye walisema kwamba baada ya kanuni kuanza, wahudumu, makarani wa wodi na wafagiaji walipungua, kwani hospitali iliyolazimishwa kuajiri upande mmoja ilitafuta pa kubana upande wa pili. Na muuguzi mwenye wagonjwa watano akajikuta mara nyingine anatandika vitanda na kusukuma machela. Watu hao hawakuwa na sheria ya kuwalinda, na ni haki kuwataja. Hospitali zilizohudumia mafukara, ambazo ndizo zilizokuwa na wauguzi wachache zaidi tangu awali, ndizo zilizokuwa na safari ndefu ya kufikia idadi, ilhali mapato yao hayakuongezwa na sheria ile hata senti. Baadhi ya hospitali zilifungwa miaka hiyo, na wenyewe walilaumu kanuni za wauguzi. Lakini miaka hiyo hiyo walikuwa wakidaiwa kuimarisha majengo yao dhidi ya mitetemeko ya ardhi kwa sheria ya mwaka 1994, na wasio na bima walikuwa wakimiminika katika idara zao za dharura, hivyo anayesema sababu ni moja anasema asilolithibitisha.

Ama juu ya mafunzo, jimbo lilitia fedha katika vyuo, na katika miaka kumi idadi ya wahitimu wa kila mwaka ilifika takriban maradufu. Likatokea jambo ambalo wapangaji hawakulitazamia. Uchumi wa dunia ulipoporomoka mwaka 2008, wauguzi wazee waliokuwa karibu kustaafu waliona akiba zao zimeyeyuka na waume zao wameachishwa kazi, wakabaki wodini. Na vijana waliohitimu mwaka 2009 na 2010, ambao waliahidiwa kwamba kazi zinawasubiri, wakazunguka na vyeti vyao bila ya kupokewa. Kanuni ile huhesabu wagonjwa waliolazwa, haihesabu wahitimu. Nafasi zikijaa zimejaa.

Na mgonjwa je? Wataalamu hawakuafikiana, wala sioni haya kulisema. Linda Aiken wa chuo kikuu cha Pennsylvania, aliyewauliza wauguzi zaidi ya 22,000 katika majimbo matatu mwaka 2006, alikadiria kwamba kama hospitali za New Jersey na Pennsylvania zingekuwa na idadi ya California, vifo vya wagonjwa wa upasuaji vingepungua kwa asilimia 10 hata karibu 14. Andrew Cook na wenzake, waliozifuata hospitali za California zenyewe kabla na baada ya kanuni, walichapisha mwaka 2012 kwamba wauguzi kweli waliongezeka lakini nafuu ya mgonjwa hawakuiona katika vipimo walivyotumia. Mimi humwelekea Aiken, kwa sababu kazi yake ya mwaka 2002 ilikwisha kuonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya muuguzi huandamana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku thelathini. Ila nakubali kwamba kuonyesha wawili wanatembea pamoja si kuonyesha kwamba mmoja anamvuta mwenziwe. Juu ya afya ya muuguzi mwenyewe, J. Paul Leigh na wenzake walikadiria mwaka 2015 kwamba majeraha na maradhi ya kazini yalipungua kwa karibu thuluthi moja kwa sababu ya kanuni zile, na mgongo wa muuguzi ni rasilimali ambayo hakuna daftari la hospitali linaloiandika.

Majirani walitazama. Jimbo la Victoria huko Australia lilitangulia kwa njia nyingine: Agosti 2000 tume ya mahusiano ya kazi iliamua wauguzi 5 kwa wagonjwa 20 katika wodi za hospitali kubwa za umma, maelfu waliokuwa wameiacha kazi wakarudi, na mwaka 2015 uamuzi huo ukafanywa sheria kamili. Massachusetts walipiga kura Novemba 2018, na hospitali zikatumia fedha nyingi kuwaonya wananchi juu ya gharama. Takriban watu saba katika kumi wakakataa. Oregon ilipitisha sheria yake mwaka 2023.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni, ingawa huja kwa sura ya ikama. Wizara huandika kila kituo cha afya kinastahili wauguzi wangapi, na karatasi hiyo hupangwa kwa uangalifu. Lakini ikama haimlazimishi mtu kutoa mshahara. Katika miaka ya 1990 serikali zetu zilipobanwa na masharti ya mikopo zilisimamisha au kupunguza ajira za umma, na tangu wakati huo tumekuwa na hali ambayo ingemshangaza Yett mwenyewe, kwamba wodi hazina wauguzi na wauguzi hawana wodi, wote katika nchi moja na mji mmoja. Kufunza wengi zaidi katika hali hiyo ni kujaza mtungi uliotoboka. Wauguzi wa Kenya waligoma kwa takriban miezi mitano mwaka 2017, na Julai 2021 nchi hiyo ikatia saini mapatano na Uingereza ya kuwapeleka huko wahudumu wa afya wake wasio na ajira, watu waliosomeshwa, wakasajiliwa, na ambao nafasi zao katika ikama za kaunti zilikuwa zimeandikwa wazi, bila ya fungu la fedha.